Majina yalizidi viti: uchambuzi wa kisa cha orodha ya Bunge la 11 la Tanzania

Taasisi, mji na watu waliofanya kazi hii hawatajwi. Wabunge nao hawatajwi kwa majina. Jimbo na tarehe vinatosha kwa anayetaka kufuatilia hesabu. Takwimu za Bunge lenyewe ni za kweli na ziko wazi kwa umma.

## Usuli

Taasisi ya elimu ya uraia ilitaka vitu viwili kwa ajili ya shule za sekondari: bango la ukutani linaloonyesha mgawanyo wa vyama katika Bunge la 11 (2015–2020), na jedwali la kompyuta ambalo mwalimu angeweza kulichuja kwa mkoa, chama au aina ya ubunge. Kazi walipewa watu watatu: mtafiti, mwingizaji wa data na mhariri. Maelekezo waliyopewa yalikuwa sentensi moja: "orodha kamili ya wabunge wa Bunge la 11 na vyama vyao". Kiini cha matatizo yote yaliyofuata kimo humo. Bunge hukaa miaka mitano, na ndani ya miaka hiyo watu hufa, hufukuzwa na vyama, hushindwa kesi za uchaguzi, huteuliwa ubalozi, au huhama. Sentensi ile haikusema orodha ni ya siku gani.

Kabla ya kisa, umbo la Bunge lenyewe. Ibara ya 66 ya Katiba inataja makundi haya:

- wabunge wa majimbo, ambao mwaka 2015 walikuwa 264 (Bara 214, Zanzibar 50);
- wanawake wa viti maalumu, ambao mwaka huo walikuwa 113;
- wabunge 5 wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kutoka miongoni mwa wajumbe wake;
- Mwanasheria Mkuu wa Serikali, 1;
- wabunge wasiozidi 10 wa kuteuliwa na Rais, angalau 5 kati yao wakiwa wanawake;
- Spika, iwapo hakuchaguliwa kutoka miongoni mwa wabunge.

Jumla kwa mwaka 2015 ilikuwa 393. Spika aliyechaguliwa Novemba 2015 alikuwa tayari mbunge wa jimbo la Kongwa, kwa hiyo hakuongeza kiti. Angetoka nje ya wabunge, jumla ingekuwa 394. Anayelinganisha Bunge moja na jingine akisahau kipengele hiki hujikuta na tofauti ya mtu mmoja asiyejua ametoka wapi.

Viti maalumu havigawanywi kwa idadi ya majimbo ambayo chama kimeshinda. Ibara ya 78 inataka chama kiwe kimepata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za wabunge nchi nzima, kisha viti vigawanywe kwa uwiano wa kura hizo. Mwaka 2015 vyama vitatu tu ndivyo vilivyovuka mstari huo: CCM, CHADEMA na CUF. Kwanza Tume ya Taifa ya Uchaguzi iligawa viti 110 na kubakiza 3, kwa kuwa majimbo 8 yalikuwa bado hayajapiga kura za ubunge: Arusha Mjini, Handeni Mjini, Ludewa, Lushoto, Masasi na Ulanga Mashariki, ambako wagombea walifariki kabla ya tarehe 25 Oktoba, siku ya uchaguzi mkuu, pamoja na Lulindi na Kijitoupele, ambako karatasi za kura zilikuwa na kasoro.

Picha ya kwanza ya Bunge, kabla ya majimbo hayo 8 kuhesabiwa, ni hii:

| Chama | Majimbo | Viti maalumu | Jumla |
|---|---|---|---|
| CCM | 188 | 64 | 252 |
| CHADEMA | 34 | 36 | 70 |
| CUF | 32 | 10 | 42 |
| NCCR-Mageuzi | 1 | – | 1 |
| ACT-Wazalendo | 1 | – | 1 |
| Jumla | 256 | 110 | 366 |

Kutoka 366 hadi 393 kuna pengo la 27, nalo linajieleza lote: majimbo 8, viti maalumu 3, Baraza la Wawakilishi 5, Mwanasheria Mkuu 1, wateule wa Rais 10. Timu haikuiandika hesabu hii mahali popote mpaka kazi ilipokwisha haribika.

## Kisa kilivyokwenda

### Orodha ya kwanza

Mwingizaji wa data alianza na orodha ya wabunge iliyopakuliwa kipindi cha Bunge hilo kilipokuwa kinakaribia kwisha. Orodha ilikuwa safi: jina, jimbo, chama, aina ya ubunge. Aliihamishia kwenye jedwali, akaandika juu yake "Bunge la 11, 2015–2020", akatoa mchoro wa vyama. Bango likachorwa siku hiyohiyo na kupelekwa kwa mchapaji kwa ajili ya nakala za mfano.

Mhariri ndiye aliyeshtuka, tena kwa kitu kidogo. Kwenye bango, Kinondoni na Siha zilikuwa na rangi ya CCM. Yeye alikumbuka kwamba mwaka 2015 Kinondoni ilichukuliwa na CUF na Siha na CHADEMA. Alipoliangalia jedwali aliona majina ni yaleyale ya walioshinda 2015, lakini chama ni kingine.

Kilichotokea kinajulikana. Desemba 2017 wabunge wa majimbo hayo mawili walijiuzulu vyama vyao na kujiunga na CCM, "kuunga mkono juhudi" kama ilivyokuwa ikisemwa siku hizo. Kwa mujibu wa ibara ya 71, mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni hupoteza kiti. Viti vikawa wazi, uchaguzi mdogo ukafanyika tarehe 17 Februari 2018, na watu walewale wakarudi bungeni kwa tiketi ya CCM. Orodha ya mwisho wa kipindi haina kosa: inasema aliyekaa kwenye kiti wakati huo na chama chake cha wakati huo. Kosa lilikuwa kuibandika miaka mitano nzima.

### Orodha ya pili

Mtafiti akatafuta orodha ya mwanzo wa Bunge, wakaunganisha mbili. Kompyuta iliambiwa iondoe majina yanayojirudia. Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi, kwa njia nne tofauti.

Kwanza, wale waliohama chama na kurudi. Ukonga na Monduli (uchaguzi mdogo wa 16 Septemba 2018) na Liwale (Oktoba 2018) zilifuata mkondo wa Kinondoni na Siha. Mwishoni mwa 2018 Temeke na Simanjiro nazo zilipita njia hiyo, safari hii bila kupingwa. Jina ni moja, jimbo ni moja, vyama ni viwili. Kompyuta ilibakiza mstari wa kwanza iliokutana nao na kuufuta wa pili, kwa hiyo baadhi ya majimbo yalibaki na chama cha 2015 na mengine na chama cha 2018, kutegemea mpangilio wa faili tu.

Pili, viti maalumu vya CUF. Julai 2017, katika mgogoro wa uongozi wa chama hicho, upande uliokuwa ukitambuliwa na Msajili wa Vyama uliwavua uanachama wabunge wanawake 8. Spika alitangaza kwamba wamepoteza ubunge, na Tume ikatangaza wengine 8 wa kujaza nafasi zao. Orodha iliyounganishwa ikawa na wanawake 18 wa CUF kwenye viti 10. Nguvu ya chama bungeni haikubadilika hata kwa kiti kimoja, lakini mchoro mpya ulionyesha CUF kimeongezeka.

Tatu, wateule wa Rais. Viti haviwezi kuzidi 10, lakini watu waliovikalia kati ya 2015 na 2020 ni zaidi ya hapo, kwa sababu mteule akipewa ubalozi, kwa mfano, huondoka na mwingine huteuliwa. Jedwali lilikuwa na wateule wengi kuliko Katiba inavyoruhusu, na hakuna kengele iliyolia kwa kuwa hakuna aliyeweka kikomo.

Nne, vifo na hukumu. Dimani (uchaguzi mdogo 22 Januari 2017) ilikuwa na majina mawili, yote ya CCM. Buyungu (12 Agosti 2018) ilikuwa na jina la CHADEMA na la CCM. Longido, ambako mahakama ilitengua ushindi wa CHADEMA na CCM ikachukua kiti tarehe 13 Januari 2018, vivyo hivyo.

Majina yakazidi viti. Mwingizaji wa data, kwa nia njema, akaanza kufuta kwa mkono ili afike 393.

### Kufuta kwa kukisia

Kufuta huku ndiko kulikoleta kosa baya kuliko yote. Mmoja wa timu alijua kwamba uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2015 ulifutwa, akahitimisha kwamba viti vya CUF vya Zanzibar vifutwe pia. Akaondoa 22.

Kilichofutwa tarehe 28 Oktoba 2015 na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar ni uchaguzi wa Rais wa Zanzibar, wa Baraza la Wawakilishi na wa madiwani. Kura za Bunge la Muungano zilisimamiwa na Tume ya Taifa, na matokeo ya majimbo 50 ya Muungano visiwani hayakuguswa. Athari halisi ya kule kufutwa iko kwingine kabisa: Baraza halikuwepo, kwa hiyo hapakuwa na wa kuchagua wale wabunge 5 wa kwenda Dodoma. Viti hivyo vilikaa vitupu tangu Bunge linafunguliwa Novemba 2015, na visingeweza kujazwa kabla ya uchaguzi wa marudio wa 20 Machi 2016, ambao CUF ilisusia. Timu iliondoa viti 22 vilivyokuwa na watu na kuacha 5 vilivyokuwa vitupu vikihesabiwa kama vimejaa.

Wakati huohuo mtafiti alijaribu kuthibitisha nguvu ya CCM kwa kura za Spika: mgombea wa CCM alipata 254, mpinzani wake 109. Kwa kuwa CCM ilikuwa na 252 katika jedwali la mwanzo, 254 ilionekana kama uthibitisho wa ajabu, ukiongeza Mwanasheria Mkuu na mteule wa kwanza wa Rais. Huenda ndivyo ilivyokuwa, huenda sivyo. Kura ni ya siri, na haisemi nani alimpa nani. Siku chache baadaye Waziri Mkuu alithibitishwa kwa kura 258 kati ya 351. Kwa mantiki ya mtafiti, CCM ingekuwa imeongeza wabunge 4 ndani ya wiki moja, wakati ukumbi umepungua.

## Maamuzi na sababu zake

Mhariri alisimamisha kazi, nakala za mfano zikazuiwa, na timu ikaanza upya kutoka karatasi tupu. Maamuzi yaliyofanyika ni haya.

Mstari mmoja kwa kila ukaaji. Jedwali la kwanza lilikuwa na mstari kwa kila mtu. Jipya lilikuwa na majedwali mawili. La kwanza ni la viti: mistari 393, isiyoongezeka wala kupungua, kila kiti na namba yake (J-001 hadi J-264 kwa majimbo, VM kwa viti maalumu, BL kwa Baraza, MS kwa Mwanasheria, UT kwa wateule). La pili ni la ukaaji: nani alikaa kiti kipi, kwa tiketi gani, kuanzia lini hadi lini, aliingiaje, aliondokaje. Mbunge wa Kinondoni alipata mistari miwili kwenye jedwali la pili, na kiti chake mstari mmoja kwenye la kwanza. Tatizo la majina kuzidi viti liliisha hapo, kwa sababu majina yalikuwa na haki ya kuzidi.

Chama ni tiketi, si msimamo. Safu ya "chama" ilibadilishwa jina kuwa "tiketi", yaani chama kilichompeleka mbunge bungeni katika ukaaji huo. Uamuzi huu ulitatua mambo mawili yaliyokuwa yakibishaniwa. La kwanza ni UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani. Mwaka 2015 CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD viliachiana majimbo, na magazeti mengi yaliandika "mbunge wa UKAWA". UKAWA haukuwa chama kilichosajiliwa. Hakuna mbunge hata mmoja aliyeapishwa kwa tiketi hiyo, na kukitia kwenye jedwali kungefuta tofauti kati ya viti 70 vya CHADEMA na 42 vya CUF. La pili ni hali ya baada ya Machi 2019, pale kundi kubwa la CUF Zanzibar lilipohamia ACT-Wazalendo. Wabunge wengi wa kundi hilo walibaki bungeni kama CUF hadi mwisho, kwa sababu ya ibara ile ile ya 71: kuhama rasmi ni kupoteza kiti. Kwa jicho la siasa walishaondoka. Kwenye jedwali ni CUF.

Tarehe ya picha. Bango lingeonyesha siku moja tu, na siku hiyo iandikwe kwa maandishi makubwa. Palikuwa na mjadala wa kuchagua mwanzo au mwisho wa Bunge. Mwanzo ulishinda kwa sababu ya kiufundi: hesabu za mwanzo zinatoka kwenye matokeo ya uchaguzi yaliyotangazwa, hivyo mwalimu anaweza kuzikagua mwenyewe. Picha ya mwisho inahitaji kuamini mfululizo mrefu wa mabadiliko. Mabadiliko yaliwekwa kwenye orodha ya pembeni yenye tarehe.

Uamuzi huu uliondoa pia ugomvi wa namba za CHADEMA. Chanzo kimoja kilisema 70, kingine 71. Vyote vilikuwa sahihi. Arusha Mjini ilipiga kura Desemba 2015 na CHADEMA ikashinda, majimbo yake yakawa 35. Hii ni kabla hata ya kugusa vile viti maalumu 3 vilivyobakizwa. Mtu akiandika "CHADEMA ilikuwa na wabunge 70" bila tarehe, msomaji hana namna ya kujua kama amekosea.

Viti vitupu vionekane. Bango lilipewa rangi ya kijivu kwa viti 27 vilivyokuwa nje ya mgawanyo wa vyama, kila kundi na maelezo yake. Mchoraji alipinga akisema bango litaonekana kama halijakamilika. Kwa kweli Bunge lenyewe lilikuwa halijakamilika. Mwanasheria Mkuu aliwekwa kwenye kijivu pia, kwa kuwa anaingia kwa wadhifa.

Nani anaamua kwamba kiti ki wazi? Hili lilihitaji kanuni, na kanuni iliyochaguliwa ni ya kiutendaji: kiti ki wazi pale Spika au mahakama inapotamka hivyo, au mbunge anapofariki. Tamko la mbunge mbele ya waandishi wa habari halitoshi. Kwa kanuni hiyo ukaaji wa Singida Mashariki ukafungwa Juni 2019, Spika alipotangaza bungeni kwamba kiti kimepotea. Ule wa Arumeru Mashariki nao ulifungwa mapema mwaka huohuo kwa sababu ya kukosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa. Kama matangazo hayo yalikuwa ya haki ni mjadala mwingine, nao una nafasi yake darasani; safu ya "sababu ya kuondoka" iliandika sababu iliyotajwa rasmi.

## Matokeo

Bango jipya lilitoka na picha ya vyama 5, viti 366 vyenye rangi na 27 vya kijivu. Jedwali la viti lilifunga kwenye 393. Jedwali la ukaaji lilibaki wazi kwa masahihisho, kila mstari na safu ya "uthibitisho" inayosema habari imetoka kwenye tangazo la Tume, Taarifa Rasmi za Bunge, au hukumu.

Nakala za mfano za bango la kwanza zilitupwa. Hasara ilikuwa ndogo kwa sababu uchapaji wenyewe ulikuwa haujaanza. Mhariri angechelewa siku mbili hali ingekuwa nyingine.

Jedwali jipya lilitoa jambo ambalo lile la kwanza lisingeweza kulionyesha. Ukitenganisha safu ya majimbo na ya viti maalumu, CCM ilikuwa na majimbo 188 kati ya 256, sawa na asilimia 73.4, lakini viti maalumu 64 kati ya 110, asilimia 58.2. CHADEMA ilikuwa kinyume: asilimia 13.3 ya majimbo na 32.7 ya viti maalumu. Ilikuwa na wanawake wa viti maalumu wengi kuliko wabunge wa majimbo, 36 kwa 34. CUF ilikuwa na majimbo 32, karibu sawa na CHADEMA, lakini viti maalumu 10 tu.

Sababu ni ramani. Viti maalumu hufuata kura, majimbo hufuata mipaka. Majimbo 22 kati ya 32 ya CUF yalikuwa Zanzibar, ambako jimbo lina wapiga kura wachache sana ukililinganisha na jimbo la Dar es Salaam au Mwanza. Kura zake ukizijumlisha kitaifa hazipandi sana. CHADEMA ilikusanya kura nyingi za mijini na za majimbo mengi iliyoshika nafasi ya pili, na kura za nafasi ya pili hazina thamani jimboni lakini zina thamani kwenye mgao wa ibara ya 78. Walimu walioshirikishwa kukagua jedwali walisema sehemu hii pekee inatosha vipindi viwili vya Uraia.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kutenganisha kiti na mtu. Hatua nyingine zote zilikuwa rahisi baada ya hapo. Ukiwa na mistari 393 isiyobadilika, kila kosa linajionyesha lenyewe: kiti chenye watu wawili tarehe moja ni kosa, kiti kisicho na mtu kinahitaji maelezo, na kundi la UT likizidi 10 siku yoyote, jedwali linakataa. Ukaguzi huo ni fomula moja ya kuhesabu: kwa kila kiti, ni mistari mingapi ya ukaaji imeanza kabla ya tarehe fulani na haijaisha? Jibu liwe 0 au 1. Timu iliupitisha kwa tarehe nne na kunasa mistari ambayo tarehe ya kuondoka iliandikwa baada ya mrithi kuapishwa.

Hapa kuna mtego mdogo wa tarehe. Mbunge wa jimbo ana tarehe tatu: ya kutangazwa mshindi, ya kuapishwa, na ya kutajwa kwa mara ya kwanza kwenye Taarifa Rasmi. Zinaweza kupishana kwa wiki kadhaa, hasa uchaguzi mdogo ukifanyika Bunge likiwa mapumzikoni. Timu ilitumia tarehe ya kutangazwa kuwa mwanzo wa ukaaji. Anayependa tarehe ya kiapo naye ana hoja, kwa kuwa ibara ya 68 haimruhusu mbunge kushiriki shughuli za Bunge kabla ya kuapa. Lakini ibara hiyohiyo inamruhusu kushiriki uchaguzi wa Spika kabla ya kiapo, na ukianzia kwenye kiapo utapata Spika aliyechaguliwa na ukumbi usio na wabunge. Chagua moja, iandike juu ya safu, usichanganye.

Kilichoshindwa ni mpangilio wa kazi. Mchoro ulichorwa kabla ya hesabu kufungwa. Mchoro una tabia ya kuaminika: ukishauona duara umejaa rangi, huulizi tena kama jumla ni sahihi. Lile pengo la 27 lingeandikwa siku ya kwanza, kosa la viti 22 vya Zanzibar lisingetokea, kwa sababu kuviondoa kungelifanya pengo kuwa 49 bila maelezo.

Kosa la pili ni kulazimisha jumla. Mwingizaji wa data alipoona majina yamezidi, alichukulia 393 kuwa shabaha ya kufikiwa, akafuta mpaka akafika. Jumla iliyofikiwa kwa kufuta inaonekana sawasawa na iliyofikiwa kwa hesabu, na hilo ndilo la hatari. Kikomo kitumike kukagua, kazi ya kufuta ifanyike kwa ushahidi wa mstari husika.

Kura za ukumbini nazo zilitumiwa vibaya, ingawa zina kazi yake. Kura 254 na 109 kwa pamoja ni 363: zinakwambia kwamba siku ile waliokuwepo ukumbini hawakupungua hapo. Ni sakafu. Kama jedwali lako linasema Bunge lilikuwa na wabunge 350 siku hiyo, jedwali lina kosa. Zaidi ya hapo hazisemi lolote kuhusu chama.

Kuhusu viti maalumu, udhaifu mmoja ulibaki. Viti hivi havina jimbo, kwa hiyo namba kama VM-047 haina maana nje ya jedwali. Timu iliviambatanisha na chama (VM-CUF-01 hadi 10), na kwa wale wanawake 8 wa 2017 ililazimika kumpanga nani amemrithi nani kwa mpangilio wa tangazo tu. Mgawanyo wa vyama hauathiriki, lakini mwanafunzi akiuliza "fulani alichukua kiti cha nani?" jibu la jedwali ni la kupangwa. Ilipaswa kuandikwa hivyo waziwazi tangu toleo la kwanza. Ni vivyo hivyo kwa mikoa: magazeti huandika "mbunge wa viti maalumu mkoa fulani", lakini mkoa huo ni mpango wa ndani wa chama. Safu hiyo iliachwa tupu, na baadhi ya walimu walilalamika kwamba kichujio cha mkoa hakiwaonyeshi wanawake hao. Malalamiko hayo yana uzito, na suluhisho lililopendekezwa ni safu ya pili yenye jina "mkoa kwa mujibu wa chama".

Kanuni ya kiti kuwa wazi ilijaribiwa na Ndanda. Februari 2020 mbunge wa jimbo hilo, aliyeingia kwa CHADEMA, alitangaza hadharani kujiuzulu na kujiunga na CCM. Mei mwaka huohuo alionekana tena bungeni, Spika akisema anamtambua kuwa mbunge wa Ndanda. Kwa kanuni ya timu, hakuna tamko la Spika la kufunga kiti, basi ukaaji haukukatika, na tiketi inabaki CHADEMA. Mtafiti hakuridhika: mtu aliyesema mwenyewe amehama anaandikwaje chama alichokiacha? Mhariri alishikilia kanuni kwa hoja kwamba ukiivunja kwa Ndanda, utalazimika kuivunja kwa wale wa CUF wa 2019 pia, na hutapata pa kusimama. Mstari wa Ndanda ulibaki mmoja, tiketi CHADEMA, na safu ya maelezo ikabeba tarehe zote mbili, ya Februari na ya Mei.